Asili ya Jina la "Meno ya Plastiki"

Sisi tufundishao Zombo, wilayani Kilosa, twaona yafaa kulichungua jina hili, maana majina hushuhudia umri wa mambo. Wako wasemao kwamba mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, ana meno ya plastiki, au ya nailoni, nayo hayana budi kung'olewa, kwa kuwa ndiyo mila ya wazee. Lakini nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938; wazee wa kale wangeliutajaje ugonjwa kwa kitu kisichokuwapo? Desturi ya kung'oa iliandikwa miongoni mwa Waacholi wa Uganda mwaka 1969. Katika Tanzania jina hili lilisikika miaka ya 1980.

Kile cheupe kivimbacho ufizini ni chonge, jino ambalo halijatoka. Likichimbuliwa, damu humwagika, kidonda hutunga usaha, na jino la ukubwani huharibika. Nayo homa, ambayo pengine ni malaria, huachwa bila dawa. Basi mzazi akitutajia wazee, tumwonyeshe kwa upole kwamba jina lenyewe lawakana. Kisha tumhimize kuupangusa ufizi kwa kitambaa safi, na kumpeleka mtoto zahanati siku ile ile.