Ngano za Usuli katika Katuni za Televisheni: Mfano wa Tinga Tinga Tales

Mwaka 2010 idhaa ya watoto ya BBC, CBeebies, ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni uliobuniwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya London, na kutengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz. Vilitolewa vipindi 52 vya dakika 11 kila kimoja, na kufikia mwaka 2012 mfululizo ulikuwa umekwisha. Uhai wake ulikuwa mfupi, lakini maswali uliyoyazua kuhusu fasihi simulizi hayajapatiwa majibu ya kutosha.

Muundo wake ni wa zamu. Kila kipindi humweka mnyama mmoja katikati ya kisa na kueleza asili ya umbile au tabia yake, naye Tumbili Mwekundu ndiye msimulizi. Kwa istilahi ya wahakiki, hizi ni ngano za usuli. Utanzu huu upo kweli katika jamii zetu. Hata hivyo, unapofanywa kuwa kanuni ya vipindi vyote 52, huacha kuwa utanzu mmoja miongoni mwa tanzu nyingi na kuwa sura nzima ya masimulizi ya Kiafrika. Tena mtazamaji wa Uingereza alikwisha kuuzoea: kisa cha mkonga wa tembo alikisoma kwa Kipling, katika kitabu cha mwaka 1902.

Linganisha na ngano za Wamaasai, wenyeji wa nyanda za Kisaju, kando ya barabara inayotoka Nairobi kupitia Kitengela kwenda Namanga. Katika mkusanyo wa A. C. Hollis wa mwaka 1905, sungura anaomba kuvushwa mto na tembo wanaokwenda ukweni. Akiwa mgongoni, anakula asali iliyobebwa na kujaza mawe mahali pake. Uhondo wa kisa hiki umo katika ujanja wenyewe. Msikilizaji hacheki kwa kuwa amefahamishwa asili ya masikio ya sungura. Naomi Kipury naye, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai, anaonyesha upana wa tanzu hizo, yakiwamo masimulizi ya mazimwi. Zimwi hilo halikukosa skrini kabisa: mwaka 2011 Kwame Nyong'o alitoa filamu fupi ya katuni, The Legend of Ngong Hills, iliyojengwa juu ya kisa cha Kimaasai kuhusu asili ya vilima vya Ngong. Nacho ni kisa cha usuli, lakini kina kitisho ambacho katuni za watoto wadogo hukihofia.

Suala la hadhira ni zito zaidi. Fanani akisema “Paukwa!” husubiri “Pakawa!”, asipojibiwa hana ngano. Televisheni haisubiri. Pia Tumbili alisimulia kwa Kiingereza, na kwa hiyo mtoto wa Kisaju, anayesikia Kimaa nyumbani na Kiswahili sokoni, aliletewa wanyama wa nyanda zake kwa lugha ya darasani.

Kuna pia suala la jina. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, akauawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Wafuasi wake waliendeleza mtindo huo hata ukawa riziki ya wengi. Michoro yao haikuwa vielelezo vya ngano fulani: twiga alichorwa kwa sababu alipendeza na alinunulika. Katuni ndizo zilizompa twiga huyo kisa, na kwa hilo zilifanya kazi halisi ya utunzi ambayo haifai kubezwa. Wahuishaji wa Nairobi walilazimika kuamua mnyama aliyechorwa akiwa ametulia, bila kivuli na bila upeo wa macho, atatembeaje. Katika mwendo huo, kuliko katika maneno ya Tumbili, ndimo ufanani wao unamoonekana, na ndimo uhakiki ulipaswa kuanzia.