Nani Anakufukuza?

Anza kukimbia Eastlands na swali litakufikia kabla jasho halijatoka. Litatoka kwa mama wa mandazi, kwa makanga aliyening'inia mlangoni, kwa watoto wanaocheza kando ya barabara: "Kwani nani anakufukuza?" Wanacheka, nawe unacheka, unaendelea. Lakini swali lenyewe lina umri mkubwa kuliko utani huo. Kwa miaka mingi katika mitaa hii, Mwafrika aliyeonekana mbio barabarani alikuwa, machoni pa askari, mtu anayetoroka. Kukimbia kwa hiari, bila kufukuzwa na bila kulipwa, ni jambo jipya huku.

Eastlands haikujengwa ili watu wajinyooshe miguu. Ilijengwa kulaza wafanyakazi. Pumwani ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920, baadaye Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, pamoja na nyumba za wafanyakazi wa reli kule Muthurwa na Makongeni. Wazungu walijichukulia upande wa magharibi wenye miti na baridi, Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Njia zilizojulikana zilikuwa mbili tu: ya kwenda kazini na ya kurudi. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, cheti kilichowekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kilisema anafanya kazi kwa nani, na kama ameachishwa. Usipokuwa nacho, huna sababu ya kuwa nje. Ukiwa nacho, bado utaulizwa: unatoka wapi, unaenda wapi?

Halafu tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na maswali yakaongezeka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Mau Mau waliamuru mabasi ya Nairobi yagomewe. Watu wakatembea. Asubuhi hadi mjini na viwandani, jioni kurudi, mgomo ukaendelea kwa miezi. Hakuna aliyeita hiyo mazoezi, ilikuwa siasa ya miguu. Lakini muulize kocha yeyote leo na atakuambia mbio ndefu huanza na kutembea: mifupa inazoea kubeba uzito, moyo unajifunza kazi, misuli ya mguu inakomaa polepole. Eastlands ilikuwa na msingi huo miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuja na saa ya kuhesabu hatua.

Mwaka 1954 una mambo mawili ambayo ni vigumu kuyaweka pamoja kichwani. Tarehe 24 Aprili serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi wapatao 25,000 walizingira Nairobi, wakaingia mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba, wakawatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kwenye kambi za kizuizini kama Langata, Manyani na Mackinnon Road. Kukimbia siku hizo kungekuletea risasi.

Chini ya miezi mitatu baadaye, mwezi wa Julai, koloni hilohilo lilipeleka wakimbiaji London katika uwanja wa White City. Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita miguu mitupu. Alipandisha kasi ghafla, akapunguza, akapandisha tena, mpaka akaumia na kutoka kabla ya mwisho. Kesho yake Nyandika Maiyoro aliingia mbio za maili tatu na kuchomoka kama matatu iliyokatika breki. Walimfikia, lakini hawakumtupa: alimaliza wa tatu, nyuma ya Waingereza wawili, Fred Green na Chris Chataway, ambao siku hiyo walivunja rekodi ya dunia. Kwa hiyo Mkenya aliruhusiwa kukimbia mbele ya maelfu London mwaka uleule ambao jirani yake wa Nairobi alihitaji karatasi ili avuke barabara.

Uhuru ulikuja, na medali zikaja. Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mexico mwaka 1968 Naftali Temu na Kipchoge Keino walichukua dhahabu. Lakini tazama walikotoka: Kiprugut na Temu walikuwa wanajeshi, Keino alikuwa polisi. Mbio zilikuwa kazi, na kazi yenyewe ilivaa sare. Huku kwetu watoto walienda kwa mpira na ngumi. Uwanja ulio kando ya Jogoo Road, ambao wakoloni waliuita African Stadium na sisi tukaujua kama City Stadium, ulijaa kwa sababu ya mechi. Riadha tuliiangalia kwa TV na kusema hiyo ni mambo ya watu wa Bonde la Ufa.

Wazo kwamba mtu wa kawaida, mwenye kitambi na kazi ya ofisi, anaweza kukimbia polepole kwa afya yake lilikua mbali na hapa. Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Maiyoro alimaliza wa sita katika mita 5,000. Aliyeshinda ni Murray Halberg wa New Zealand, mwanafunzi wa kocha Arthur Lydiard. Miaka michache baadaye Lydiard alianza kuwatoa barabarani wanaume wa makamo wa Auckland, wengine wagonjwa wa moyo, akiwaambia waende kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza. Kocha Mmarekani, Bill Bowerman, aliwatembelea, akaachwa nyuma na wazee, akarudi kwao kufundisha alichokiona. Bowerman huyohuyo alikuwa mmoja wa wawili walioanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Nike. Ndiyo maana ukichambua rundo la raba za mitumba Gikomba leo, kuna uwezekano mkubwa utashika kitu kinachotokana na safari ile.

Mwaka 1996 Mmarekani mwingine, Josh Clark, alimwandikia mamake mpango wa wiki tisa. Siku tatu kwa wiki. Mwanzoni unakimbia dakika moja, unatembea dakika moja na nusu, unarudia kwa dakika ishirini, basi. Kufikia wiki ya tisa unakimbia nusu saa bila kusimama. Wasee wengi wa mtaa walioanza na simu mkononi wanafuata mpango huo au binamu yake, hata kama hawajui jina la aliyeuandika.

Nairobi ilifungua mlango mwaka 2003, mbio za marathon za Nairobi zilipoanza. Palikuwa na kilomita 42 za wenyewe, lakini pia umbali mfupi wa mtu yeyote aliyejisajili, na karani wa Buruburu aliweza kuvaa namba kifuani barabara ileile na bingwa. Kutoka hapo ngazi ikawa wazi: kilomita tano, kumi, ishirini na moja, halafu ile kubwa.

Kuipanda ngazi hiyo kutoka Eastlands kuna ufundi wake. Unaamka kabla ya vumbi na moshi wa matatu. Unakumbuka kwamba mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuhema si aibu. Siku za wiki unakimbia kidogo, kwa mwendo wa kupiga stori. Jumapili alfajiri, Jogoo Road ikiwa bado imelala, unafanya ndefu yako, ukiongeza kilomita moja tu kila wiki, na kila baada ya wiki tatu hivi unapunguza ili mwili upumue. Wanaoumia mara nyingi ni wanaochomoka kama Maiyoro bila kuwa Maiyoro. Wasichana wengi wanakimbia kwa kundi, kwa sababu maneno ya steji huchosha kuliko mlima.

Halafu tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikarudi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Mkimbiaji wa alfajiri alijifunza tena kuangalia saa kabla ya kufungua mlango, kama babu yake. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, siku ileile ya mwezi ambayo hali ya hatari ilitangazwa miaka 69 kabla.

Mei 2022, siku chache kabla ya magari kuruhusiwa kupita, maelfu walikimbia juu ya Expressway. Ilikuwa raha. Pia ilikuwa nafasi adimu ya kukanyaga lami ile kwa miguu, maana siku ya kawaida mwenda kwa miguu haruhusiwi huko. Chini yake, mamia kwa mamia bado wanatembea kwenda Industrial Area, mahali pengine bila njia ya miguu. Kijana aliyevaa hudi akikimbia saa mbili usiku bado anaweza kusimamishwa na karao na kuulizwa anatoka wapi, anaenda wapi.

Kwa hiyo mtaani kwenu kukibaki kiwanja, kitetee kabla hakijawekewa ukuta. Njia ya miguu ikichorwa kwenye ramani, ulizia kama itajengwa. Kwani mama wa mandazi akiuliza tena nani anakufukuza, unaweza kumjibu "hakuna, mama" na kuendelea na kilomita yako. Watu wa mwaka 1954 wasingeweza kumjibu hivyo.