Kitabu cha Mzee wa Kagunguli

Paka wetu hana adabu mbele ya karatasi. Nikifungua gazeti, hulala juu ya ukurasa ninaousoma, wala si ule mwingine. Nikimsogeza hunitazama kama mkaguzi wa shule aliyekuta andalio la somo halijatiwa tarehe. Mke wangu husema ni urithi, kwamba bibi yake wa kumi alikuwa na tabia hiyo hiyo. Ni kweli, na katika urithi huo imo habari ya kitabu kimoja na ya mama yangu mzazi, ambayo nimekawia sana kuiandika.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kikubwa katika Ziwa Viktoria. Nilipokuwa kijana nilipita Kagunguli mara nyingi kwa baiskeli, nikienda na kurudi kwa shughuli za nyumbani, na pale misheni alikuwapo mzee mmoja aliyejulikana kuwa msomi, Aniceti Kitereza. Sikumtembelea hata siku moja. Kijana wa chuo cha ualimu wakati ule aliamini kwamba vitabu hutoka Dar es Salaam, Nairobi au Uingereza. Haikunipitikia kwamba kitabu kingeweza kuwa kinakaa ndani ya sanduku la mzee wa kisiwani kwetu.

Nacho kilikuwamo. Mzee Kitereza alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma misheni, kisha seminari ya Rubya upande wa Buhaya, akajua Kilatini na Kijerumani, akarudi kwao. Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimtia moyo aandike mambo ya Wakerewe kabla hayajasahauliwa. Badala ya kuandika orodha ya mila, kama wengi walivyofanya, mzee alitunga hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe. Hakupatikana mchapaji. Nani angechapa kitabu kinene cha lugha ya watu wachache vile? Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, walikaa kisiwani kwa utafiti, nao wakamhimiza akitie katika Kiswahili. Mzee alikuwa amepita miaka 70. Akakaa chini akakiandika upya, chote. Tanzania Publishing House wakakitoa kwa mwaka 1980, na mwaka 1981 mwandishi akafariki kabla ya kukishika kitabu chake mkononi.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: miaka 35 tangu nukta ya mwisho hadi kuchapwa.

Sasa nije kwa mama. Mama hakujua mwaka wake wa kuzaliwa ila kwamba nzige walikuwa wamekuja. Hakusoma shule. Usiku wa kuukaribisha mwaka 1970 Rais Nyerere aliutangazia taifa kwamba mwaka huo utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye zikateuliwa wilaya sita zifute ujinga wa kutokusoma upesi kuliko nyingine, Ukerewe ikiwa mojawapo. Mikoa yetu ya ziwa ilikuwa tayari na mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza. Vitabu vyake vya kusomea vilihusu pamba, ndizi, uvuvi na ng'ombe, ili mtu ajifunze herufi huku akijifunza kazi. Watu wa kwetu waliyaita madarasa hayo ngumbaru, wengine kwa dhihaka, wengine kwa mapenzi.

Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo, nikifundisha watoto asubuhi na wazee jioni, kama walimu wote tulivyotakiwa. Nimewahi kuwasikia vijana wakisema kampeni ile ilikuwa siasa tupu. Siasa ilikuwamo, sikatai. Nimekaa katika mikutano ambayo mahudhurio yalitiwa chumvi ili kata isiaibike. Lakini wakati wa sensa ya 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili ya wote, na baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975 walihesabiwa asilimia 39. Ukitoa chumvi yote bado chakula kinabaki. Katika mtihani ule mama alifaulu hatua ya tatu. Cheti chake alikitia katika kopo la maziwa ya unga pamoja na kadi ya chama, na kopo akaliweka juu ya dari, ambako panya hawafiki.

Panya ndio sababu ya paka. Kwetu paka hakuwa wa kuchezea. Alikuwa mfanyakazi, kama jembe. Wa mama alikuwa wa kijivu, aliyejipa kazi ya kukalia daftari kila mama alipofanya mazoezi ya kuandika. Mama akamwita Karani.

Nilioa mwaka 1974. Hadi 1983 hatukuwa na mtoto. Msomaji wa leo, mwenye hospitali na vipimo, huenda asielewe jambo hilo lilivyokuwa. Hakuna aliyeniuliza mimi. Maswali yote yalikwenda kwa mke wangu. Shangazi zangu waliacha kumwita kwa jina la heshima. Mama, mwanamke mpole kwa kila mtu, aliniambia wazi kwamba nyumba isiyo na kilio cha mtoto ni ghala, nami nitafute mke wa pili. Tulikuwa tukiishi ng'ambo, upande wa bara, katika nyumba ya shule, na kila likizo tulipovuka kwenda kisiwani mke wangu alikuwa akiingia chomboni kama mgonjwa anayepelekwa kuchomwa sindano. Likizo ya Desemba 1982 shangazi mmoja alisema neno mbele ya watu, wakati wa kula, neno ambalo sitaliandika. Mke wangu aliweka tonge chini. Akanitazama. Nikaendelea kula.

Tangu siku hiyo hakuvuka tena.

Mwaka 1983, katika zile siku ambazo sabuni ilikuwa lulu na mtu alipanga foleni bila kujua mwisho wake kunauzwa nini, nilikwenda Mwanza kwa mambo ya mishahara. Katika duka la vitabu, kati ya rafu zilizobaki wazi, nikakuta Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Nilisoma jina la mwandishi mara mbili. Nilikinunua kwa fedha iliyokusudiwa vitenge, na sikuwa na jibu zuri nilipoulizwa nyumbani.

Nilikisoma kwa wiki tatu kwa taa ya chemli. Wasomaji wengine hulalamika kwamba kinatembea polepole. Watu husalimiana ukurasa mzima. Pombe ya ndizi hupikwa hatua kwa hatua hadi msomaji anasikia harufu. Ni kweli, hata mimi niliruka kurasa fulani, nikazirudia baadaye nilipostaafu. Lakini kiini cha hadithi kilinikaba. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke, nao wazazi wa mke wanamchukua binti yao, wakarudi naye kwao. Mume hashangilii, wala haoi mwingine. Anamfuata, anajidhili mbele ya wakwe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anaihangaikia, anaipeleka. Baadaye wanapata dawa na watoto, lakini mimi sikujali sana habari ya watoto. Nilibaki kwenye pombe. Mzee wa Kagunguli, ambaye watoto wake na mkewe Anna hawakuishi, alikuwa ameandika tangu mwaka 1945, kabla mimi sijazaliwa, kwamba katika mila zetu hizo hizo zilizotajwa kila siku dhidi ya mke wangu, mume alikuwa na deni.

Ningetarajiwa basi niamke kesho yake nikavuke kwenda kusema na shangazi. Sikuvuka kwenda kusema na mtu. Nilivuka likizo iliyofuata, peke yangu, nikampelekea mama kipande cha sabuni na kile kitabu. Nikamwambia, "Mama, kimeandikwa na mzee wa Kagunguli, soma taratibu." Sikumweleza kinahusu nini. Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu wote.

Mama alikuwa amezoea vitabu vyembamba vya ngumbaru na gazeti la Elimu Haina Mwisho lilipofika. Alikipima kitabu kwa mkono kama anayepima samaki, akauliza kama mtu mmoja anaweza kukimaliza. Siku nne nilizokaa nilimwona akisoma baada ya kazi, amekaa juu ya kigoda, kidole kikifuata mstari, Karani akingoja kidole kisimame ili alale. Mama alisoma sentensi kwa Kiswahili, kwa sauti, kisha akairudia kwa Kikerewe ili aielewe vizuri. Siku ya pili ndipo nilipotambua anachokifanya: mzee alikuwa amekitoa kitabu katika Kikerewe, na mama, sentensi moja moja, alikuwa akikirudisha. Nilimwacha akiwa bado katika mwanzo wa hadithi. Mara moja tu alisimama, akasema, "Huyu mtu anajua pombe inavyopikwa." Ilikuwa sifa kubwa.

Ilichukua karibu mwaka. Katikati ya mwaka 1984, siku ya Jumamosi, nikiwa nyuma ya nyumba napanga kuni na watoto wa shule, nikamwona mama anakuja njiani na kikapu kichwani na kingine mkononi. Mama aliogopa maji. Hakuwahi kuvuka kuja kwetu hata siku moja, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Ziwa lile halina urafiki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220, wengi wao wakiwa wamekaribia kabisa kufika, nilimkumbuka mama akishuka njia ile na vikapu vyake, nikazima redio kwa muda.

Hakunisalimu mimi kwanza. Aliingia ndani, akamkuta mke wangu anachagua mchele, akaketi chini kwenye mkeka, si kwenye kiti alichowekewa. Katika kikapu cha kwanza mlikuwa na michembe, samaki wakavu, na kitabu kilichofungwa kwa kitambaa. Alikiweka mbele ya mke wangu.

"Mwanangu," alisema, "nimekimaliza. Yule bwana alitozwa pombe, akaipika. Mimi migomba yangu imekauka. Nimeleta hiki."

Akafungua kikapu cha pili. Alikuwamo mtoto wa Karani, wa kijivu, amejikunja, amechafuka kwa safari.

Mke wangu aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mama hakusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na gogo la kuni mkononi, sikujua niliweke wapi. Muda ulipita, mtu angeweza kuchota maji kisimani na kurudi. Kisha mlango ukafunguliwa, mke wangu akatoka amejifunga kanga nyingine, akauliza, "Anakula nini?"

"Dagaa," mama akajibu. "Na usimwache karibu na daftari."

Mama alikaa kwetu wiki mbili. Habari za mke wa pili hazikutajwa tena, na nilisikia baadaye kwamba shangazi alikwenda kwake kulalamika, akasomewa kurasa kadhaa hadi akaaga. Mtoto hatukupata. Mwaka 1987 tulimchukua binti wa marehemu mdogo wangu, akiwa na miaka miwili, na wanawe ndio wanaonisumbua sasa ninapoandika.

Nimewahi kuulizwa na wanafunzi wangu wa zamani, ambao wengine ni wahadhiri, kwa nini kitabu cha Kitereza hakikusomwa shuleni kama kilivyostahili. Najibu kwamba ni kirefu, na nakala zilikuwa adimu. Nje kimepata bahati nzuri zaidi: kimetafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mtoto wa Ukerewe. Hayo nayasema kwa urahisi, kama mwalimu. Lililo gumu kulisema ni kwamba faini ile ilikuwa yangu. Mama alinilipia. Mwanamke aliyejifunza herufi akiwa na miaka kama 40 alifika mwisho wa kitabu, akatenda alichokisoma. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilikisoma kwa wiki tatu, nikampa mtu mwingine.

Mama alifariki mwaka 1996. Nakala ile ipo, jalada limeondoka, na pembeni mwa kurasa za faini pana alama za penseli, vimstari vifupi vya mtu aliyekuwa akihesabu mitungi. Haiko katika kabati langu. Iko katika sanduku la mke wangu, chini ya kanga, na ninapotaka kuisoma humwomba. Mara nyingine hunipa.