Jioni na Lengo: Historia ya Kuridhika katika Nchi ya Mara

Vitabu vingi vya historia ya Mara vinahesabu vita, magonjwa ya mifugo, mipaka ya wakoloni na majina ya watawala. Ni vichache vinavyouliza mtu wa kawaida aliridhika na nini jua lilipozama, na kesho yake aliamkia kutafuta nini. Swali hilo nalo lina zama zake. Eneo linalolijibu vizuri ni lile linaloanzia Murangi, katika nchi ya Majita kando ya Ziwa Viktoria, likapita Musoma na kupanda hadi vilima vya Butiama, kisha likashuka kwenye tambarare za Bunda. Humo wamekaa Wajita, Waruri na Wakwaya upande wa ziwa, Wazanaki na Waikizu upande wa milima, na jirani zao Wakerewe ng'ambo ya maji. Ukifuatilia maisha yao enzi baada ya enzi, utaona kwamba raha za siku zimebadilika kidogo mno. Kilichobadilika, tena mara kadhaa, ni nani anayempangia mtu lengo la maisha yake.

Kabla ya karne ya 19 kufikia nusu yake, lengo lilipangwa na umri. Kwa Wazanaki, Waikizu na jirani zao Wakuria, kijana aliingia rika pamoja na wenzake, na rika hilo likamwongoza hadi kaburini: kwanza kuchunga, kisha kulinda mji, kisha kuoa kwa ng'ombe, kisha kujenga boma lake, na mwishoni kupanda daraja za uzee, ambazo hazikupatikana bure. Aliyetaka kuketi na wazee alitoa mifugo na karamu, na kila daraja ilikuwa na gharama yake inayojulikana. Mwanamke naye alikuwa na ngazi zake: jiko lake, shamba lake la ulezi na mtama, ghala lake, watoto wake, na hatimaye heshima ya kuwa mama mkwe. Hakuna aliyelazimika kukaa kitako na kujiuliza atafute nini duniani.

Raha zilifuata mwendo wa jua na mvua. Wakati wa palizi watu waliitana kulima shamba la mmoja wao, desturi ambayo Wakuria huiita risaga, na mwenye shamba aliwalipa kwa pombe ya ulezi. Wazee walizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto yakiongezwa kidogo kidogo ili kinywaji kisikauke kabla ya mazungumzo kwisha. Upande wa ziwa kulikuwa na sato, ningu, kambale na furu wa kila rangi. Na mchezo wa mashimo na kete, ambao Wazanaki huuita orusoro nao ni ndugu wa bao, ulichezwa kivulini mchana kutwa msimu wa kilimo ulipokwisha.

Shahidi bora wa maisha ya namna hiyo ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, ambaye lugha yake ya Kikerewe ni ya ukoo mmoja na Kijita. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Hakuna kitabu kingine cha ukanda wa ziwa kinachokaa na mambo madogo kwa subira kiasi hicho: namna ya kuivisha ndizi za pombe, namna ya kumpokea mgeni, maneno ya salamu yanayochukua muda wake wote. Lakini ni kitabu cha uchungu pia. Myombekere na mkewe hawapati mtoto, na kwa hiyo hawawezi kupanda ngazi ambayo jamii imewawekea. Wanapendana, wana chakula, wana jirani wema, na bado hawana amani mpaka mtoto apatikane. Hapo ndipo udhaifu wa mpango wa kale unapoonekana. Ulimpa kila mtu njia iliyonyooka, ila aliyezuiwa njiani, awe tasa, fukara asiye na ng'ombe au mateka wa vita, hakupewa njia nyingine.

Mpango huo uliyumba katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Msafiri Speke aliliona ziwa kutoka upande wa kusini mwaka 1858, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka kwa mashua, akipita mwambao wa Ururi na Majita. Wageni hao waliwasumbua watu kidogo kuliko kilichowafuata. Mnamo 1890 na 1891 sotoka iliua ng'ombe katika Afrika Mashariki nzima, na njaa na ndui vikaja nyuma yake. Ng'ombe walipokufa, mahari ilikufa, karamu za uzee zikakwama, na vijana wa rika zima wakabaki wamesimama mahali pamoja. Katika vilima watu walirudia uwindaji. Kandokando ya maji ziwa liliokoa wengi. Hasara ya miaka ile haikuwa ya matumbo peke yake, maana kizazi kimoja kilijua kabisa kinachopaswa kutafutwa na hakikuwa na kitu cha kukitafutia.

Wajerumani, waliopewa nchi kwa mapatano ya mwaka 1886, walileta lengo la aina mpya kabisa: kodi. Waingereza waliowafuata baada ya mwaka 1916 waliliendeleza. Kwa mara ya kwanza mwanamume wa Majita au wa Bunda alitakiwa kila mwaka kutafuta kitu asichokihitaji nyumbani kwake, yaani sarafu, ili ampe mtu asiyemjua. Akalima pamba, akaenda kuchimba dhahabu Buhemba, akabeba mizigo kwenye meli zilizozunguka ziwa tangu reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901. Lakini watu wa Mara hawakuiacha shilingi ibaki ya serikali. Iliyosalia baada ya kodi ilinunua vitu ambavyo havikuwamo katika ngazi ya wazee: baiskeli, cherehani, taa ya chemli, na baadaye bati za nyumba. Kijana asiye na rika lenye nguvu wala baba mwenye ng'ombe wengi aliweza sasa kuwa na lengo lake binafsi, na kulifikia kwa jasho lake. Naliona badiliko hilo kuwa kubwa kuliko ujio wa bendera yoyote.

Misheni ziliongeza la kwao. Wamisionari wa Afrika walifungua Nyegina mwaka 1911, Wamenonite wakaanza Shirati mwaka 1934, na Wasabato wakashika mizizi Majita. Waliwapa watu wiki yenye siku ya kupumzika, nyimbo za sauti nne, na kusoma. Kusoma kulikuwa lengo na raha kwa pamoja. Barua kutoka kwa ndugu aliyeko mgodini ilisomwa kwa sauti mbele ya mji mzima, kisha ikasomwa tena kwa ajili ya aliyechelewa kufika.

Katika zama hizo, mnamo Aprili 1922, alizaliwa Butiama mtoto wa Mtemi Nyerere Burito na mkewe Mugaya, akaitwa Kambarage. Masimulizi ya utoto wake husema kwamba alikuwa hodari wa orusoro, na kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, alipouona uhodari huo, alimshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza Mwisenge mjini Musoma. Kwa hiyo mchezo wa kivulini, raha ya kale kuliko zote, ndio uliomfungulia mlango wa lengo la kisasa kuliko yote.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, mtoto huyo, sasa akijulikana kama Mwalimu Julius Nyerere, alipanga malengo ya taifa zima. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaka watu waridhike pamoja au wasiridhike kabisa, na mwezi Oktoba mwaka huo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru, vikundi vya wasikilizaji vilikusanyika mbele ya redio kwa kampeni iliyoitwa Wakati wa Furaha; mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, iliyowashirikisha takriban watu milioni mbili nchini, wakichimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo mwaka 1977. Bibi wa miaka 60 aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha ya kweli, na hakuna haja ya kuipunguza kwa sababu serikali ndiyo iliyoipanga.

Mwaka huohuo wa 1974 operesheni ya vijiji ilipita Mara. Watu waliondolewa kwenye maboma yao, kwenye miti waliyoipanda na makaburi ya wazazi wao, wakapangwa kando ya barabara. Shule na zahanati zilikuwa karibu zaidi, na mashamba mbali zaidi. Lengo la pamoja liliposhuka kwa amri, liligonga yale malengo madogo ambayo mtu alikuwa ameyatunza miaka 20: ghala lililojengwa mahali pake, migomba iliyokuwa imeanza kuzaa. Jioni tu ndiyo haikuhamishwa. Vijiji vipya vilicheza bao, vilikaanga samaki, vilisikiliza Radio Tanzania kwa betri zilizoanikwa juani ili zirudishe nguvu, na Mara Jazz na mtindo wao wa Sensera walichezwa na watu ambao siku ile walikuwa wamepanga foleni ya sabuni.

Mwalimu alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama. Alilima, alichunga, alicheza bao na wazee wenzake chini ya mawe makubwa ya Mwitongo, nyumbani kwake. Na alijiwekea kazi yake mwenyewe. Aliyekuwa amewahi kufasiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Shakespeare sasa alikaa na Injili na kuzigeuza kuwa tenzi, ubeti mmoja baada ya mwingine, zikachapishwa mwaka 1996. Hakuna aliyemwamuru, wala hapakuwa na tarehe ya mpango wa miaka mitano. Katika maisha yake yote marefu ya hadhara, naamini kipindi hicho kina fundisho lake la pekee: aliyekuwa amewapangia malengo watu milioni 20 na zaidi alimaliza kwa kujipangia moja, na akaligawa katika asubuhi za kawaida. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23.

Wakati huo upande wa Majita ulikuwa umeingia zama nyingine, zama za sangara. Samaki huyo, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, alitapakaa kwa kishindo miaka ya 1980, akala furu wa aina mamia, na akavutia viwanda vya minofu Mwanza na Musoma. Fedha ziliingia vijijini kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Lengo sasa liliwekwa na bei ya kilo, na bei iliamuliwa Ulaya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa kwa sababu ya uvuvi wa sumu, mwalo uliokuwa ukichangamka usiku kucha ulinyamaza kwa uamuzi uliofanywa na watu ambao hawakuwahi kuuona.

Leo nguvu kubwa ya mialo ya Murangi na jirani zake iko kwa dagaa, na dagaa wamerudisha kalenda ya mwezi. Katika siku za giza mitumbwi hutoka wakati wa magharibi na taa, zamani karabai, sasa za sola, na hurejea alfajiri. Wanawake hununua kwa ndoo, humwaga dagaa mchangani au kwenye chanja, huwatandaza kwa mkono, huwageuza, na huangalia mawingu, kwani mvua ya saa moja huwageuza dagaa wa sokoni kuwa chakula cha kuku. Mbalamwezi inapojaa, uvuvi husimama kwa siku kadhaa. Nyavu hushonwa, watu huenda kusalimia wazazi, bao hutandikwa, mechi hutazamwa kwenye kibanda cha video.

Ndizo siku ambazo vikundi vya kuweka na kukopa hupata mahudhurio mazuri. Sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo unakaa kwa mwanachama tofauti. Kila mmoja hununua hisa, na anayekopa hueleza mbele ya wenzake anakopa kwa ajili gani: bati 20, ada ya sekondari, ndama, chanja mpya ya kukaushia. Kwa karne nyingi lengo la mtu lilitamkwa na rika, kisha na karani wa kodi, na padri, na chama, na mnunuzi wa minofu. Hapa linatamkwa na mwenyewe. Si jambo jepesi. Simu iliyo mfukoni humwonyesha kijana nyumba na magari ya watu wa mbali kabla hajamaliza kuhesabu bati zake, na wapo wanaoacha lengo lililokwisha kufika nusu kwa kuliona dogo. Wengi, hata hivyo, huendelea kununua hisa wiki hadi wiki. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa kwa mgao, ambao mara nyingi hupangwa kabla ya Krismasi, na wiki inayofuata bati hupakiwa kwenye magari yanayotoka Musoma kuelekea Majita.