Baiti 446 za Mwanzo: Historia Fupi ya Kianzishi cha Kompyuta

Mahoko ni kituo cha biashara katika Sekta ya Kanama, Wilaya ya Rubavu, kando ya barabara itokayo Musanze kwenda Gisenyi. Wengi wanaifahamu kwa soko lake. Mwaka 2006 mwalimu mmoja wa huko, aliyekuwa akikusanya Kiswahili cha wafanyabiashara kwa ajili ya tasnifu yake, aliambiwa na fundi kwamba kazi yake “imefutika”. Kompyuta yake ilikuwa na mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu. Windows ilipoingiwa na virusi, fundi aliiweka upya. Baada ya hapo Ubuntu haikuonekana tena, na tasnifu ilikuwa huko.

Chanzo cha mkasa huu ni cha mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta ya XT yenye diski kuu ya megabaiti 10 pamoja na toleo la 2.0 la mfumo wa DOS. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512. Kati ya hizo, 64 ni jedwali la sehemu za diski, 2 ni alama ya kuthibitisha, na 446 zilizobaki ndizo nafasi ya programu ya kuamsha mfumo endeshi. Kompyuta inapowashwa huisoma sekta hiyo kwanza. Baiti 446 ni herufi 446, zaidi kidogo ya aya hii unayoisoma.

Programu hiyo kwa Kiingereza ilipewa jina litokanalo na kitanzi cha ngozi cha kuvutia buti, kwa kuwa kompyuta hujinyanyua yenyewe. Kwetu, mwandishi anapendelea “kianzishi”. “Kipakiaji”, ambalo nalo husikika, linanukia lori la viazi.

Kwa watumiaji wa Linux, kianzishi cha awali kilikuwa LILO, cha Werner Almesberger. Kilikariri mahali hasa kiini cha mfumo kilipo kwenye diski; kiini kikibadilishwa, ilibidi kianzishi kiwekwe upya, na aliyesahau alijuta. Kilipokuwa kikiamka kiliandika herufi za jina lake moja moja, hivyo kikikwama kwenye “LI” mafundi walijua ugonjwa uko wapi. GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, iliweza kusoma mafaili yenyewe. Kwa kuwa baiti 446 hazitoshi, iligawanywa kwa hatua: ya kwanza huiita tu inayofuata.

Windows ya wakati ule ilipowekwa iliandika programu yake katika sekta ya kwanza bila kuuliza aliyetangulia ni nani. Mlango ulibadilishwa, lakini chumba hakikuguswa. Fundi hakudanganya, alikosa neno la kutenganisha mambo hayo mawili, akasema “imefutika”.

Tulitumia CD ya Ubuntu, mfumo uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 na ambao CD zake zilitumwa bure kwa posta hadi 2011. (Katika Kinyarwanda “ku buntu” ni bure, hivyo jina lilijitangaza lenyewe.) Kompyuta ilipoamka kwa CD, tulifungua GRUB kwenye dirisha la amri na kuandika:

find /boot/grub/stage1
root (hd0,1)
setup (hd0)

Amri ya kwanza ilijibu (hd0,1), yaani sehemu ya pili ya diski ya kwanza, kwani GRUB ile ilihesabu kuanzia sifuri. Sisi tuliozoea saa za Kiswahili na za Kizungu hatukusumbuka sana. Ya mwisho ndiyo iliyoandika kianzishi mwanzoni mwa diski. Tulipoiwasha tena, orodha ya mifumo miwili ilitokea, na tasnifu ilikuwepo, sura zote.

Amri hizo sasa ni za kale. Ubuntu ilihamia GRUB 2 Oktoba 2009, na amri ikawa grub-install. Uendelezaji wa LILO ulikoma mwaka 2015. Katika kompyuta za UEFI kianzishi ni faili ndani ya sehemu yake maalumu, hivyo viwili vyaweza kukaa pamoja.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwalimu yule aliandika tasnifu kwa lugha yake, juu ya mashine ambayo maneno yake ya kwanza inapowashwa yalikuwa Kiingereza. Fundi alituandikia neno “kianzishi” kwenye daftari lake la kazi, kisha akaomba abaki na CD.