Shilingi Ifike kwa Nani Kwanza

Tarehe 1 Oktoba 1981, Rais Ronald Reagan wa Marekani alipokuwa akizungumza na waandishi wa habari alimtaja mwanachuoni aliyezaliwa Tunis na kufariki Cairo mwaka 1406. Reagan alikuwa anatetea sheria ya kupunguza kodi aliyoitia saini Agosti mwaka huo, iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 70 hadi 50. Alieleza kwamba mwanachuoni huyo, Ibn Khaldun, aliona kwamba dola ikiwa changa hutoza kodi ndogo na kukusanya mapato makubwa, na ikizeeka hutoza kodi kubwa na kuambulia kidogo. Hoja hiyo imo kweli ndani ya Muqaddimah, kitabu cha mwaka 1377.

Lakini katika sehemu hiyohiyo ya kitabu kuna hoja nyingine ambayo rais hakuigusa. Ibn Khaldun anasema dola ndiyo soko kuu kuliko masoko yote. Mtawala akizuia fedha, au akiishiwa, askari na watumishi wake hupungukiwa. Hao ndio wanunuzi wakubwa mjini, kwa hiyo wakifunga mikono, maduka hukosa wateja, faida hushuka, na mwishowe hata kodi inayoingia hazina hupungua. Fedha huenda kwa mtawala na kurudi kwa raia. Akizifungia, raia ndio wanaozikosa. Maneno haya yaliandikwa miaka 559 kabla ya kitabu kikuu cha John Maynard Keynes, mchumi aliyetetea matumizi ya serikali wakati wa mdodoro.

Kwa hiyo mtu mmoja alishika ncha zote mbili za ubishi ambao hadi leo unagawa mabunge kila uchumi unapodorora: serikali iache fedha mifukoni mwa watu kwa kupunguza kodi, au izitoe yenyewe kwa kulipa mishahara, kujenga na kununua? Mimi naona hoja zake mbili hazigombani. Ile ya kwanza inahusu umri wa dola, vizazi kwa vizazi: kodi nzito huua hamu ya kulima na kufanya biashara. Ya pili inahusu mzunguko wa fedha, na mzunguko ukikatika, watu hulala njaa wiki hiyohiyo. Anayechukua dawa ya vizazi na kuitumia kwa njaa ya wiki hii amesoma nusu ya kitabu.

Reagan mwenyewe hakuishi kwa nusu hiyo. Alipunguza kodi, lakini wakati huohuo matumizi ya jeshi yalipanda sana, nakisi ikakua, na mwaka 1982 akakubali kurudisha sehemu ya kodi. Mdodoro wa uchumi ulioikumba Marekani wakati huo ulikwisha mwishoni mwa 1982, Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ikiwa imeshaanza kulegeza riba. Nani anaweza kuchambua hapo sifa ya kodi peke yake?

Kwa upande wa serikali kutoa, habari ya Nabii Yusuf inajulikana misikitini na makanisani, na nafikiri wachumi wetu wangefaa kuisoma kwa makini zaidi. Katika Qurani msisitizo uko kwenye akiba: miaka saba ya kulima, mavuno yaachwe katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, ili miaka saba ya shida ikute ghala lina kitu. Kitabu cha Mwanzo kinaanza hivyohivyo, kwa kukusanya sehemu ya tano ya mavuno ya miaka ya neema, lakini sura ya 47 inaendelea na kueleza bei ya msaada ule. Ghala halikufunguliwa bure. Watu walinunua nafaka kwa fedha hadi fedha zikaisha, wakatoa mifugo hadi mifugo ikaisha, kisha wakatoa mashamba na wao wenyewe. Ardhi yote ikawa ya Farao, isipokuwa ya makuhani, na tangu hapo ikawekwa kodi ya sehemu ya tano ya mavuno. Watu walipona na wakashukuru. Lakini waliingia katika njaa wakiwa na mashamba yao, wakatoka wakiwa wapangaji. Ndiyo maana nasita ninaposikia serikali ikisifiwa kwa kutoa tu. Kuna kutoa kwa mshahara, kuna kutoa kwa mkopo, na kuna kutoa ambako mnyonge analipia baadaye kwa kiwanja chake.

Katika mji wa Lucknow, India, njia ilikuwa nyingine. Njaa ilipolikumba eneo la Awadh mwaka 1784, Nawab Asaf-ud-Daula alianzisha ujenzi wa Bara Imambara, jengo la ibada za Muharram lenye ukumbi wa karibu mita 50 kwa urefu, paa lake limejikunja juu bila nguzo hata moja kulishikilia katikati. Kazi hiyo iliwapa chakula watu wengi sana. Husimuliwa mpaka leo kwamba vibarua walijenga mchana, na usiku wakaja waungwana waliofilisika kubomoa sehemu ya kilichojengwa, gizani, ili nao wapate posho bila kuonekana. Iwe ni historia au ni ngano tu, masimulizi hayo yanajua jambo ambalo sera nyingi hulisahau: mdodoro huwafikia hata watu ambao haya inawazuia kupanga foleni.

Mwaka 1936 Keynes alitoa mfano wake maarufu wa hazina kufukia noti ndani ya chupa kuukuu katika migodi iliyoachwa, kisha kampuni binafsi zikaajiri watu wa kuzifukua. Aliongeza kwamba kujenga nyumba kungekuwa na akili zaidi. Wapinzani wake hushika zile chupa na kuziacha zile nyumba. Lucknow ilipata vyote: posho ya wakati wa njaa, na jengo ambalo bado limesimama.

Sasa tuje kwetu. Kenya ilijaribu dawa zote mbili mwaka 2020, mwaka wa janga la Uviko-19, ambao uchumi wake ulisinyaa kwa asilimia 0.3. Kuanzia Aprili, kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya mtu binafsi kikatoka 30 hadi 25, kodi ya makampuni nayo vivyo hivyo, na anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa kodi ya mshahara. Upande wa pili ikaja Kazi Mtaani, programu ya ajira za muda iliyoanzia mitaa ya mabanda kama Mathare na Kibera, na katika awamu ya pili ikatengewa shilingi bilioni 10 kwa vijana zaidi ya 270,000 nchi nzima.

Fuata shilingi ya kila upande uone inakoishia. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya ziko katika sekta isiyo rasmi, ya jua kali. Fundi wa cherehani aliyefunga kibanda kwa sababu shule zimefungwa na hakuna sare za kushona hana hati ya mshahara. Hiyo nafuu ya 24,000 inampita mlangoni. Unga wa mahindi ulikuwa hautozwi kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo asilimia mbili zilizopunguzwa hazikugusa sufuria yake ya ugali. Meneja aliyebaki na kazi ndiye aliyeona mshahara ukiongezeka, na katika mwaka wa hofu mtu mwenye busara huweka akiba. Mchumi Milton Friedman, ambaye hakuwa rafiki wa matumizi ya serikali, alieleza tangu 1957 kwamba watu hutumia kwa kuangalia kipato wanachokitarajia kwa muda mrefu. Nyongeza ya muda haibadilishi sana matumizi yao. Na nyongeza hii kweli ilikuwa ya muda: tarehe 1 Januari 2021, viwango hivyo vikuu vya kodi vilirudi vilipokuwa.

Kijana wa Mathare aliyeshinda na fyekeo na koleo akizibua mtaro alipata shilingi 455 kwa siku, kwa simu. Hakuwa na nafasi ya kuziweka. Zilikwenda kwenye unga, mafuta ya kupima, sukuma wiki na deni la duka. Mama mboga naye akapata mtaji wa kurudi soko la Marikiti alfajiri. Huo ndio mzunguko wa Ibn Khaldun. Malalamiko ya malipo kuchelewa yalikuwepo, na ya majina kupenyezwa kwenye orodha. Nayachukulia kwa uzito, maana mshahara wa njaa unaochelewa mwezi mzima umeshindwa kazi yake, na shilingi iliyoibwa njiani haipo sokoni.

Tanzania ilichanganya dawa hizi mwaka 2009, bei za pamba zilipoanguka duniani. Kodi ya ongezeko la thamani ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18 na ikabaki hapo. Mwezi Juni Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, ukiwa na fidia kwa vyama vya ushirika na kampuni zilizopata hasara kwa kununua mazao, pamoja na dhamana za mikopo. Haya yalikuwa matumizi ya serikali, lakini fedha zilianzia kwa mnunuzi na benki yake. Mkulima wa pamba wa Shinyanga alitakiwa asubiri hadi msimu ujao aone kama mnunuzi atarudi kwenye mzani na bei gani mkononi.

Tofauti kati ya Mathare na Shinyanga haikuwa ya kodi dhidi ya matumizi. Ilikuwa ya idadi ya mikono ambayo shilingi ilipita kabla ya kumfikia mtu aliyeishiwa. Mikono hiyo hupungua orodha ya wahitaji ikiwa tayari. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania (TASAF) ulianza mwaka 2012 mpango wa ruzuku na ajira za muda kwa kaya maskini, na kaya hizo zilitajwa katika mikutano ya vijiji, mbele ya majirani wanaojuana. Orodha ya namna hiyo, ikiwa safi na ikihakikiwa kila mara, ingeweza kupokea fedha ndani ya wiki mambo yakiharibika. Kuitengeneza kunataka fedha katika miaka ambayo hakuna anayelia, na hiyo ndiyo miaka ambayo kila waziri wa fedha hubanwa apunguze kodi.