Mashine Mpya, Ada Mpya: Nusu Karne ya Leseni za Programu

Hadi katikati ya mwaka 1969, kampuni iliyokodi kompyuta ya IBM haikuuliza bei ya programu. Mashine ilikuja na mfumo wake endeshi, mafunzo na mafundi wa kuipangia kazi, na gharama zote zilijificha ndani ya kodi ya mwezi. Kisha tarehe 17 Januari 1969 serikali ya Marekani ikaishtaki IBM kwa kuhodhi soko. Miezi mitano baadaye, Juni 23, IBM ikatangaza kwamba itaanza kutoza programu peke yake. Orodha ya kwanza ilikuwa na programu 17. Bei ya mashine nayo ilishushwa, lakini kwa asilimia 3 tu, na wateja waliodhani watapata nafuu wakabaki wakitazamana.

Tangu siku hiyo wauzaji wa programu wamekuwa na swali moja linalowanyima usingizi: watoze kwa kipimo gani? Programu haina uzito wala urefu. Kwa hiyo walipima kilichokuwa karibu nayo, yaani mashine. Na kwa kuwa mashine haiachi kukua, kila mteja aliyenunua mpya alijikuta amejinunulia na bili nyingine.

Mwanzoni mambo yalikuwa mepesi: leseni moja kwa mashine moja. Lakini mwaka 1975 Gene Amdahl, aliyekuwa mbunifu mkuu wa kompyuta za System/360 za IBM kabla ya kuondoka huko, alianza kuuza kompyuta iliyoendesha programu zilezile za IBM. Ushindani ukaingia kwenye chuma, bei ya chuma ikaporomoka, na fedha zikaanza kutafutwa kwenye programu. Kufikia miaka ya 1980 IBM ilikuwa ikigawa mashine zake katika makundi kwa nguvu zao: ukihamia kundi la juu, ada ya mwezi ya programu ileile inapanda. Kampuni ingeweza kuwa na mishahara ileile ya kuandaa na hesabu zilezile za kufunga, na bado ikalipa zaidi. Ni kama mpangaji kuongezewa kodi kwa sababu kanunua kitanda kikubwa.

Hapa ndipo historia hii inapogeuka kichekesho. Wateja wakubwa, mabenki hasa, walianza kuogopa kompyuta zenye kasi. IBM ikawajibu kwa kuuza mashine zilizopunguzwa nguvu kwa makusudi. Modeli yake ya z13s ya mwaka 2016 ilikuwa na ngazi 156 za uwezo; chuma ni kilekile, tofauti ni kiasi gani mteja ameruhusiwa kukitumia. Kabla ya hapo, mwaka 2000, zilitokea prosesa za pekee kwa ajili ya Linux, na mwaka 2004 nyingine kwa ajili ya Java. Sifa yao kubwa kwa mteja haikuwa ufundi wao. Ilikuwa kwamba hazihesabiwi katika ada za programu kuu. Ada zenyewe zilikuja kutegemea wastani wa matumizi ya saa nne mfululizo, ukichukuliwa ule wa juu kabisa katika mwezi. Wapo wataalamu ambao kazi yao ni kusogeza shughuli kutoka saa moja hadi nyingine ili kilele hicho kisipande.

Oracle ilikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kuuza hifadhidata yake kwa kuzidisha idadi ya prosesa kwa megahezi zao. Seva yenye prosesa nne za megahezi 500 ilidai vipimo 2,000. Ukiweka nne za megahezi 1,000, vinakuwa 4,000. Kasi ilikuwa ikipanda upesi mno miaka ile, na kelele za wateja zikapanda nayo. Juni 2001 Oracle iliacha megahezi na kuanza kuhesabu prosesa: dola 40,000 kwa kila moja katika toleo kubwa.

Kisha chipu zikakataa kuongezewa kasi bila kuchemka. Mwaka 2005 AMD na Intel ziliweka prosesa mbili ndani ya chipu moja, kila moja ikiitwa kori. Microsoft ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka uliotangulia kwamba itahesabu chipu, si kori. Oracle ilishikilia kori, ikalegea Julai 2005 kwa kuhesabu kila kori kama robo tatu ya prosesa, na Desemba ikashuka hadi nusu kwa chipu za AMD na Intel. Microsoft ilijionyesha mkarimu, lakini ukarimu huo haukudumu: hifadhidata yake, SQL Server, toleo la 2012, iligeukia kori, na Windows Server ya 2016 ikafuata.

Wauzaji wana hoja, tusiwaonee. Bila kipimo kinachokua, leseni moja ingefanya leo kazi iliyohitaji leseni kumi jana. Ila kipimo huchaguliwa kila mara baada ya muuzaji kuona ni sehemu gani ya mashine inayonenepa. Mwaka 2011 VMware, iliyouza programu za kugawa seva moja kuwa nyingi, ilijaribu kutoza kwa kumbukumbu, wakati ambapo bei ya kumbukumbu ilikuwa ikianguka. Wateja walifoka, na mwaka uliofuata mpango ukafutwa.

Mwenye ofisi ndogo ya Kariakoo au River Road hukutana na jambo hili kwa sura nyingine. Windows iliyokuja na kompyuta imefungwa kwenye mashine hiyo. Akibadilisha bodi mama iliyoharibika, haki yake inabaki. Akiibadilisha kwa kutaka tu yenye nguvu zaidi, kwa masharti ya Microsoft hiyo ni kompyuta mpya, na leseni mpya inahitajika.

Watengeneza chipu nao wamejifunza. Aprili 2020 AMD ilitoa prosesa za EPYC zenye kori chache na kasi kubwa, na mojawapo, 7F32, ina kori 8 tu. Ni bidhaa inayomfaa anayelipia programu kwa kori. Lakini Broadcom ilipoinunua VMware mwishoni mwa 2023, ilifuta leseni za kudumu na kuuza kwa kodi ya kori, kiwango cha chini kikiwa 16 kwa kila prosesa. Aliyenunua 7F32 ili abane matumizi analipia kori 8 ambazo hazimo ndani ya chipu yake.